Ngazi ya Mkwe Wangu

Watu wa mto wetu wana ugonjwa mmoja. Mtu akizaliwa karibu na maji yenye samoni, hujiona kama amemzaa samoni mwenyewe. Tarald wa shamba la Moen alikuwa hivyo, baba yake alikuwa hivyo, na babu yake nasikia hata salamu hakuitikia ukiwa umetoka juu ya maporomoko. Sasa niulize, kazi ya watu hawa ilikuwa ipi? Kuzaliwa chini ya mwamba. Mto Drausa unashuka kutoka milimani, unafika penye Mngurumo, unaanguka kimo cha nyumba mbili, na pale chini umechimba kilindi. Samoni wakitoka baharini mwezi wa Juni wanapanda hadi hapo, mwamba unawazuia. Wanaruka, wanajipigiza, wanaanguka, wanaruka tena, na wanaongoja zamu wanajazana kilindini kama watu mlangoni kwa mwoka mikate. Tarald anatia wavu, anatoa. Ujuzi wote ndio huo. Paka wangu angeweza kutajirika pale, tena yeye angenawa uso kwanza.

Sisi wa shamba la Lia, juu ya Mngurumo, tulikuwa na maji yale yale kabla hayajafika kwa Tarald. Ng'ombe wetu walikuwa wameshayanywa na kuyarudisha. Lakini samoni hatukuwa naye. Tulikuwa na visamaki vya madoa, vya urefu wa kiganja, ambavyo ukivikaanga vinajikunja kwa aibu. Basi kanisani watu wa Moen walikaa benchi la mbele, na sisi la nyuma penye upepo wa mlango.

Na samoni wa kwanza wa mwaka, kwa desturi, ni wa mchungaji. Tarald alimbeba mwenyewe juu ya majani mabichi, akipita barabara yote polepole kana kwamba anazika mfalme. Alipofika chini ya dirisha langu alipunguza mwendo zaidi.

"Habari za asubuhi, Mama Ingerid! Huko kwenu mnakula nini leo?"

"Tunakula kwa macho," nilimjibu. "Hebu pita upesi, huyo ameanza kunuka. Au ni wewe?"

Nilisema dirisha. Nilieleze, maana kisa chote ni dirisha. Kwetu mzee akikabidhi shamba hapewi shukrani, hupewa posho. Hutamkwa mezani mbele ya mashahidi, watu wanapeana mikono, na tangu hapo neno ni neno hadi mzee azikwe: unga wa shayiri, viazi, maziwa ya ng'ombe mmoja, kuni zilizopasuliwa, na nyumba ndogo ya kuishi. Mume wangu Gunnleik alipofariki, shamba likaenda kwa binti yetu Aslaug na mumewe. Mimi nikapata nyumba ndogo ya kando ya daraja. Unga ulikuwa na vijiti, viazi vilikuwa vya nguruwe, ng'ombe alikuwa mzee kuliko mimi. Sikulalamika. Nyumba ile ilikuwa na dirisha linalotazama daraja, na hakuna mtu wa bonde lile aliyeweza kwenda kanisani, dukani, kwa mkunga au kwa mke wa mwenzake bila kupita pale. Nikiketi kwenye kiti changu cha kubembea, soksi ninayofuma mkononi, nilijua mambo ya watu kabla wenyewe hawajayajua. Mtu aninyime vyote, aniachie dirisha.

Mkwe wangu aliitwa Eivind. Alitoka bonde la pili, akaja na mnyororo wa saa wa dhahabu unaoning'inia tumboni. Saa yenyewe haikuwapo. Mwaka mzima nilimuuliza saa ngapi kila alipopita, na kila alipopita alikuwa na haraka.

Eivind hakuweza kuvumilia benchi la nyuma. Alimkodolea macho Tarald, akamkodolea Mwingereza Bwana Pelham aliyekuja huku kwetu Norwe kila kiangazi kuvua samoni kwa mshipi katika kilindi cha Moen, akalala akauota mto. Vuli moja akatangaza kwamba atawajengea samoni ngazi. Ubavu wa kushoto wa Mngurumo ni wa Lia, hakuhitaji ruhusa ya mtu. Angepasua mwamba kwa baruti, atengeneze visima vidogo vilivyopandana, maji yakimwagika kutoka kimoja hadi kingine. Samoni aruke kidogo, apumzike, aruke tena, hadi afike juu. Kwetu. Mbele ya nyumba yangu, ambapo maji ya Lia yametanda mapana, yametulia kama sahani.

Tarald alisimama darajani akacheka hadi akashika ukingo. Dirisha langu lilikuwa wazi, sikukosa neno.

"Jenga, Eivind, jenga! Ila uwawekee na reli ya kushikia. Wengine wana mimba."

"Cheka. Mwakani utakuja kununua samaki kwangu."

"Mwamba huo aliuweka Mungu ili watu wa Lia wasizoee."

"Mungu hakujua habari za baruti."

"Hee! Mchungaji asikusikie," akasema Tarald, akaenda zake akimwambia kila aliyekutana naye.

Majira yote ya baridi walilipua. Kila mlipuko vikombe vyangu viliruka rafuni na kuku wakataga kwa woga. Kufika Aprili ngazi ilikuwa tayari, nzuri kwa kweli, sikatai. Hata mimi ningeipanda kama si magoti. Ndipo Jumapili moja Eivind akaalika watu kahawa: mchungaji kwa heshima, Tarald ili aumie. Aslaug alioka mikate ya vyumba vyumba, ile ya kubanwa kwenye chuma cha moto, akaweka na jamu. Mchungaji alipokuwa na mdomo umejaa, mkwe wangu akakohoa.

"Mama mkwe, kuna jambo. Bwana Pelham kiangazi hiki anafikia kwetu. Nimeshamwahidi."

"Karibu yake. Atalala wapi?"

"Ndiyo hilo. Hawezi kulala zizini, ni mtu wa daraja. Nyumba iliyo karibu na maji ni ile yako."

"Na mimi ni mtu wa nini?"

"Wewe ni mtu wa hapa, umezoea. Kuna kile kibanda cha malishoni, kule Kikongwe. Hewa safi. Theluji ikianza nitakushusha nikuweke darini, juu ya ng'ombe. Kuna joto zuri."

Kikongwe ni maporomoko ya pili, mbali huko juu kwenye malisho ya mbuzi. Wazee waliyaita hivyo kwa kuwa yana nywele nyeupe na hayanyamazi. Hakuna njia inayopita pale. Hata mbuzi huenda kwa kulazimishwa. Nilimtazama binti yangu. Aslaug alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Tangu aolewe alikuwa amekuwa mtu wa kufuta vikombe.

"Mchungaji," nikasema, "posho ya mzee inakatwa bila kulipwa mbadala?"

Mchungaji akameza. "Haikatwi, Mama Ingerid. Ndiyo desturi."

"Basi mkwe wangu, unachukua nyumba, nipe mbadala. Hapa hapa, mbele ya mashahidi."

Eivind akacheka. Alikuwa na cheko la kupitia puani, kama farasi aliyeona shayiri. "Haya, chukua Kikongwe chote! Toka jiwe la mpaka kwenda juu. Kibanda chako, mawe yako, maporomoko yako, maji yako na chochote kinachoogelea humo, mpaka chura wa mwisho!"

Tarald akapiga meza. "Vikongwe viwili pamoja! Watapigizana kelele!"

"Mkono," nikasema.

Akanipa mkono huku bado anacheka. Nikaushika hadi cheko likamwisha.

Nisijidai mjanja. Sikujua lolote. Niliomba mbadala kwa ubishi tu, kama mtu anayesukumwa nje na kushika kitasa. Usiku nililia, kisha nikaacha kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiona.

Mwezi wa Mei nilihamishwa kwa mkokoteni wa samadi, uliosafishwa kwa kutazamwa. Ilikuwa Jumapili, maana siku nyingine mkokoteni ulikuwa na kazi muhimu zaidi. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Nikapita katikati yao nimeketi juu ya kiti changu cha kubembea, jiko la chuma mbele, mbuzi amefungwa nyuma. Wanaume wakavua kofia, kama maiti inapita. Tarald tu ndiye aliyeniuliza kama nina tikiti.

Nikaanza kuishi Kikongwe. Niseme nini? Asubuhi jiwe, mchana jiwe, jioni nilihesabu mawe yale yale kuona kama limeongezeka moja. Kibanda kilikuwa na dirisha, lakini lilitazama maporomoko, na maporomoko hayaendi kwa mke wa mtu. Watu wanadhani mzee hufa kwa njaa au baridi. Mzee hufa kwa kukosa wa kumsema. Nilianza kumsema mbuzi, na niliona naye ananisema. Nikajiapiza kwamba theluji isinikute pale, wala darini juu ya ng'ombe. Nitarudi kwenye dirisha langu, nikiwa hai, kwa njia yoyote.

Habari nilizipata kwa Aslaug. Kila Jumamosi alipanda kuchukua jibini. Aliniambia kwamba samoni wameshafika chini ya Mngurumo, na hakuna hata mmoja anayetazama ngazi. Wanaruka penye mwamba kama walivyoruka siku zote. Eivind amejinunulia viatu vya mpira vinavyofika mapajani, kama vya Mwingereza, na anasimama juu ya ngazi kutwa akitazama chini.

"Anawaita?"

"Jana nilimsikia anapiga mluzi, mama."

"Kama anaita mbwa!"

"Na aliyepanda ni mmoja tu mpaka leo."

"Samoni?"

"Mbuzi wako. Yule aliyetoroka Jumanne. Alipanda ngazi yote, kisima hadi kisima, Moen wote wanapiga makofi."

Mbuzi huyo tangu siku hiyo nikampa chumvi zaidi. Na Bwana Pelham, je? Amelala kitandani kwangu, miguu imetokeza upande wa pili. Kutwa anarusha chambo chake cha manyoya kwenye yale maji yaliyotulia kama sahani, na kila akimwona mtu anauliza "Samoni?" kwa kuwa ndilo neno letu pekee analojua. Eivind anamjibu kwa ishara ya kesho.

Mwisho wa Julai ikanyesha mvua ya kupasua mawe. Mto ukajaa, ukawa rangi ya kahawa, ngazi ikanguruma. Na samoni, ambao wanapenda maji mengi yenye vurugu, wakapanda. Nilisimuliwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza chumvi yake, lakini wote walikubaliana kwamba Eivind alipoona wa kwanza akitokeza juu alitupa kofia mtoni, na kofia haikuonekana tena. Akakimbia hadi nyumbani kwangu, akamtoa Mwingereza kitandani, akamketisha kwenye kiti ufukweni na mshipi mkononi. Kijiji kizima kikaja kutazama. Tarald naye akaja, uso umekuwa mrefu kama soksi iliyolowa.

Samoni wakapita. Wakubwa, wanene, migongo ikikata maji. Wakapita mbele ya kiti, wakapita mbele ya viatu vya mpira, kama wageni wa harusi wanaopita nyumba ya maskini. Hakuna aliyesimama. Kesho yake ile sahani ya maji ilikuwa tupu kama mwanzo, na keshokutwa pia. Tarald akachungulia kilindi chake naye: wamebaki wachache, wagonjwa na wavivu.

Vizazi vinne watu wa Lia waliutukana mwamba ule. Vizazi vinne watu wa Moen walijisifu kwa mikono yao. Hakuna hata mmoja, tangu babu hadi mjukuu, aliyekaa akafikiri kwamba mvuvi alikuwa mwamba. Samoni hasimami penye raha. Husimama anapozuiwa. Umwondolee kizuizi, atakushukuru kwa kukuonyesha mkia.

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naosha ndoo ya maziwa chini ya Kikongwe. Ikagongwa. Nikadhani ni jiwe. Nikachungulia, nikaona kilindi kizima kinatembea, migongo juu ya migongo. Mmoja akaruka, akayakosa maporomoko, akaangukia kwenye jiwe bapa miguuni pangu, akaanza kupiga mkia huku ananitazama. Sikuwa na wavu. Nilikuwa na mwiko wa uji. Mungu anisamehe, nilimpiga kama nampiga mkwe.

Jumamosi Aslaug akaja, akaona kikaangio.

"Mama! Hiki ni nini?"

"Chura wa mwisho," nikasema.

Akatazama kikaangio, akatoka nje akatazama kilindi, akarudi akaketi sakafuni. Akacheka. Sikuwa nimelisikia cheko lile tangu akiwa msichana, nilikuwa nimesahau kwamba ni langu. Alicheka hadi akalia, kisha akala vipande vitatu.

"Nimwambie Eivind?"

"Amekuuliza?"

"Hajaniuliza kitu tangu Pasaka."

"Basi usimjibu."

Kwetu nyasi zikishakatwa na kuingizwa ghalani, kuna karamu. Majirani wote waliosaidiana hukutana shamba moja, hata wanaochukiana, kwa sababu nyasi hazijali. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Lia. Desturi ni kwamba kila mwanamke huja na chombo chake kilichofunikwa. Nikavaa skafu nyeusi ya maziko, nikashuka na sahani yangu ndefu, nimeifunika kwa kitambaa, Aslaug akishika upande mmoja. Tulipoingia, Eivind alikuwa anatia pombe ya shayiri kwenye vikombe kwa uso wa mtu anayetia dawa.

"Mama mkwe! Umeshuka kwa miguu?"

"Mkokoteni wako ulikuwa na shughuli. Saa ngapi, mkwe wangu? Sijachelewa?"

Akageuka kutafuta kopo. Nikaiweka sahani mbele ya mchungaji, nikaondoa kitambaa.

Samoni alikuwa amejaa sahani, kichwa na mkia vimening'inia, nyama nyekundu, malai juu. Bwana Pelham akasimama wima, akavua kofia. "Samoni," akasema, na safari hii hakuuliza.

Tarald ndiye aliyeanza. "Eivind! Umeingia kilindini kwangu!"

"Mimi? Wewe ndiye umeweka wavu juu ya ngazi yangu! Nilijua tu! Haiwezekani wote wapite!"

"Ngazi yako! Ngazi yako imeninyonya samaki wote, halafu unakuja kunilia masalia!"

"Mwizi ni wewe na babu yako!"

"Babu yangu mwache alale! Wewe hata saa huna!"

Hapo watu wakacheka wote, hata waliokuwa upande wa Eivind. Nami nikakaa, nikajimiminia kahawa. Sikuona haja ya kuwakatiza. Walikuwa wameshikana makoti mchungaji alipopiga kijiko mezani.

"Mama Ingerid, samaki huyu ametoka wapi?"

"Jikoni kwangu, mchungaji."

"Na kabla ya jikoni?"

"Chini ya Kikongwe. Wamo wengi tu. Wanafika pale, wanashindwa kupanda, wanakaa. Usiku wananinyima usingizi kwa kuruka. Namshukuru mkwe wangu kwa kuwatengenezea ngazi. Wangefikaje kwangu peke yao, na mimi hata njia sina?"

Eivind akaliachia koti la Tarald. Nilimwona akielewa kidogo kidogo, kama maji yanayopanda ndani ya kiatu.

"Kikongwe ni cha shamba la Lia," akasema.

"Kilikuwa," nikasema. "Mchungaji, ulikuwapo. Mkwe wangu alisema maneno gani?"

Mchungaji alikuwa ameshaanza kula. "Alisema maji ni yako na chochote kinachoogelea humo."

"Mpaka chura wa mwisho," akaongeza Tarald. Na yule mtu, aliyekuwa amepoteza kilindi chake na nusu ya heshima yake, akaanza kucheka. Alicheka vibaya sana. Nadhani ndiyo mara pekee niliyompenda.

Asubuhi yake nikasikia mawe yanaporomoka. Eivind alikuwa anapanda, na vile viatu vya mpira havikutengenezwa kwa kupanda mlima. Alifika amelowa jasho. Akatazama kilindi. Samoni mmoja akaruka, kama kwa makusudi.

"Mama mkwe, sisi ni watu wa nyumba moja."

"Nyumba ipi? Ile ya dirisha, au ile ya juu ya ng'ombe?"

"Ulikuwa utani tu ule."

"Ulikuwa mzuri. Mimi bado nacheka."

Akakaa juu ya jiwe. "Ukiwa hivyo, nitaiziba ngazi. Nitaigongomea mbao, asipite hata mmoja."

"Izibe. Mwakani samoni watabaki kwa Tarald, na Mwingereza atarudi kwa Tarald, na wewe utabaki na mbuzi. Anapanda vizuri."

Akauzungusha mnyororo wa saa kidoleni. Kikongwe hakikunyamaza.

"Unataka nini?" akauliza mwisho.

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Mei, nikiwa nimelipangia majibu mengi yenye maneno makali. Yote yakanitoka kichwani. "Dirisha langu," nikasema.

"Tu?" Uso ukamng'aa, fikiria! Aliona amenipunja. "Tu? Rudi hata leo!"

"Nitarudi Jumapili. Nawe utabeba kiti changu. Mgongoni, wewe mwenyewe, si mkokoteni. Kwa njia ya kanisani."

Uso ukaacha kung'aa.

"Na Kikongwe?" akauliza.

"Kikongwe nampa Aslaug. Si shamba la Lia, si mume wa Aslaug. Aslaug. Mezani, mbele ya mashahidi wale wale, kwa mkono. Ukitaka kuvua, umwombe."

"Nimwombe mke wangu?"

"Utajifunza sauti yake ilivyo. Ni nzuri."

Jumapili kengele ilipolia ya kutoka ibadani, tulikuwa tunashuka. Mbele Eivind, kiti cha kubembea mgongoni, miguu ya kiti ikimpiga kisogoni kila hatua. Nyuma yake mimi na mwiko wangu. Nyuma yangu Aslaug na mbuzi. Watu walisimama pande zote mbili za njia. Safari hii hakuna aliyevua kofia, maana walikuwa wanaziba midomo kwa mikono. Tarald alikuwa ameegemea ua. Nikapunguza mwendo.

"Habari za asubuhi, Tarald! Huko kwenu mnakula nini leo?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Alifanana sana na waliokuwa kilindini mwake zamani.

Bwana Pelham alihamia kibanda cha Kikongwe, na nasikia anakipenda. Waingereza hulipia vitu ambavyo sisi tunapewa kwa adhabu. Kitanda changu nilikianika nje siku nne. Samoni wa kwanza wa mwaka sasa anapelekwa na Aslaug, juu ya majani mabichi, naye haendi polepole, kwa kuwa ana kazi. Benchi la mbele tumehamia, lakini nakiri nilikaa mara mbili tu nikarudi nyuma. Mbele huwaoni watu.

Nami nipo dirishani. Jioni za kiangazi Eivind hupita na mshipi begani akielekea Kikongwe, ikiwa ameruhusiwa. Akiwa hajaruhusiwa hupita pia, bila mshipi, anakwenda tu kutazama. Nagonga kioo kwa sindano ya kufumia.

"Mkwe wangu! Saa ngapi?"

Ana haraka.